Safu ya Maswali: Nikasome gitaa chuoni au niendelee hivihivi?

Mwezi huu barua za gitaa zimekuja nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazunguka jambo moja, kwenda au kutokwenda chuo cha muziki wa kisasa. Tumechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna maswali ya wengine wengi.

SWALI LA KWANZA

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20, napiga gitaa la umeme tangu niko sekondari, sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa video na kusikiliza rekodi. Kanisani napiga kila ibada na kuna bendi moja ya harusi huwa wananiita nipige rizim. Nimefanya usaili chuo kimoja cha muziki wa kisasa wamenikubali, digrii ya miaka mitatu, gitaa ndo chombo changu kikuu. Sasa shida ni kwamba ada ni kubwa, ufadhili walionipa unalipa sehemu tu, nyingine itabidi tukope. Baba anataka nisome uhasibu muziki ubaki wa wikiendi. Afu mpiga solo wetu, kaka ambaye namheshimu sana, ananiambia gitaa halisomewi, kila kitu kiko intaneti na Hendrix hakwenda chuo. Kingine mwalimu mimi noti sijui kusoma kabisa, naogopa nitaenda kuumbuka mbele za watu. Natakiwa nijibu ndani ya wiki chache. Niende au niache?
Mpiga rizim

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kukubaliwa chuo bila kujua noti maana yake kuna watu wamekusikiliza wakaona sikio lako na mkono wako wa kulia vinafanya kazi, na hicho ndo kitu kigumu zaidi kumpa mtu kama hana.

Nianze na mpiga solo wenu manake naona maneno yake yanakusumbua kuliko hata ya baba. Ni kweli, Jimi Hendrix hakwenda chuo na noti hakuwa anasoma. Wes Montgomery vilevile, yeye alijifunza kwa kunakili solo za Charlie Christian, mpiga gitaa wa jazi, kwa sikio, na mwaka 1948 kiongozi wa bendi Lionel Hampton akamchukua kwenye bendi yake kwa sababu zile solo alikuwa nazo zote kichwani. Lakini ukigeuka upande wa pili unakutana na Steve Vai na John Scofield waliopita Berklee, chuo cha muziki kule Boston, unakutana na Paul Gilbert aliyeingia shule ya gitaa ya Hollywood mwaka 1984 akiwa bado kijana mdogo na haikuchukua muda wakampa darasa afundishe. Mtu akitaka mfano wa kushinda ubishi huu ataupata tu, upande wowote anaoutaka. Kwahiyo majina makubwa hayawezi kukuamulia.

Yanaweza kukuonyesha kitu kingine lakini, na hiki naomba ukisome taratibu. Angalia waliokwenda chuo wakaacha katikati. John Mayer alikaa Berklee mihula miwili tu, akaondoka na rafiki aliyemkuta hapohapo, Clay Cook, wakaenda Atlanta kupiga pamoja. John Petrucci na John Myung walikutana na Mike Portnoy Berklee mwaka 1985, wakaanzisha bendi ambayo sasa inaitwa Dream Theater, na chuo wakakiacha. Halafu muangalie Lionel Loueke, mpiga gitaa wa Benin, yeye amepita shule nyingi: Ivory Coast, Paris, Berklee, mwisho taasisi ya jazi iliyobeba wakati ule jina la Thelonious Monk kule Los Angeles, ambako kati ya waliomsikiliza kwenye usaili alikuwemo mpiga kinanda Herbie Hancock ambaye baadae akamchukua kwenye bendi yake. Na hao wenzake wawili, Massimo Biolcati wa besi na Ferenc Nemeth wa drams, ambao amepiga nao miaka na miaka, aliwapata Berklee. Kuna waliomaliza na kuna walioacha, ila wote waliondoka na watu. Hicho ndo kitu cha kwanza unachonunua kwa ile ada, watu wanaopiga vizuri kuliko wewe, wa rika lako, wenye njaa kama yako, wako mlango wa pili saa tatu usiku na wanataka kufanya mazoezi.

Kitu cha pili unachonunua ni saa. Kwenye vyuo vingi somo la mtu na mwalimu wake wa gitaa ni kama saa moja kwa wiki, wakati mwingine chini ya hapo, watu wengi hawajui hilo wanadhani watakaa na mwalimu asubuhi mpaka jioni. Muda mwingine ni madarasa ya pamoja, kufundisha sikio, hamoni, kusoma noti, kupiga kwenye kikundi, kurekodi, kupanga muziki, na biashara ya muziki yaani mikataba na hakimiliki. Muda unaobaki wote ni wako na gitaa. Mtu anayelala ule muda uliobaki anamaliza miaka mitatu akiwa amepata saa chache sana za mwalimu kwa pesa nyingi sana, na wapo, nimewafundisha baadhi yao wakiwa wameshatoka huko.

Vidole sijavitaja na nimefanya makusudi. Kasi, skeli, kupinda nyuzi, staili ya fulani, hayo mpiga solo wenu yuko sahihi, intaneti inayo yote na bure, kama unachokitaka chuoni ni vidole viwe vyepesi basi baki nyumbani na metronomu. Ambacho intaneti haikupi ni mtu wa kukusimamisha katikati ya wimbo akakwambia unakimbia, rizim yako inaivuta drams mbele, rudia. Video haikusikii.

Hivi vyuo vya kisasa tangu mwanzo vilianzishwa kwa ajili ya kazi. Berklee ilianza 1945 kwa ajili ya muziki uliokuwa unapigwa redioni na kwenye kumbi za wakati ule wakati vyuo vingine vilikuwa vinafundisha muziki wa klasiki wa Ulaya. Ile shule ya Hollywood ilianzishwa 1977 na wazo lilitoka kwa Howard Roberts, mpiga gitaa wa studio, aliyekuwa anajua kinachotakiwa mtu akiitwa kurekodi asubuhi nyimbo asizowahi kuzisikia. Kwahiyo ukiingia chuo cha namna hii usitegemee kuandaliwa kuwa staa. Wanakuandaa uweze kuitwa, ufike, uwekewe karatasi mbele, upige, ulipwe, uitwe tena. Kama moyo wako unataka maisha hayo, au angalau hauyakatai, chuo kina kitu chako. Kama unataka kuandika nyimbo zako tu na kuzipiga na wenzako, hela hiyo na miaka hiyo inaweza kufanya kazi zaidi kwenye studio na shoo, na hilo ni jambo la heshima kabisa.

Sasa noti. Mdogo wangu usione aibu hata kidogo, wapiga gitaa ndo wanafunzi wanaojulikana kwa kusoma vibaya kuliko wote na kuna sababu ya kweli. Mpiga kinanda akiona noti moja kwenye karatasi ana sehemu moja tu ya kuweka kidole. Wewe chukua ile sauti ya waya wa kwanza ukiwa wazi, E. Sauti hiyohiyo ipo waya wa pili freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), waya wa tatu freti ya 9, waya wa nne freti ya 14, na kama gitaa lako lina freti za kutosha ipo waya wa tano freti ya 19. Karatasi inakwambia piga E, haikwambii wapi, na ukichagua vibaya noti inayofuata iko mbali na mkono umekwama. Tena muziki wa gitaa unaandikwa oktava moja (noti ileile ya ngazi ya juu) juu ya unavyosikika, ndo maana ukikaa na mpiga kinanda mkasoma mstari mmoja mnaweza msielewane mwanzoni. Kwahiyo ni kazi, lakini ni kazi ya kila siku kidogokidogo, dakika 20 kila siku asubuhi kwa miezi michache utaingia darasani unasoma polepole kama wenzako wengi. Anza freti 5 za mwanzo, soma midundo peke yake kwanza kwa kupiga makofi, afu ndo uweke sauti. Na usisome wimbo unaoujua tayari, sikio litakusaidia kudanganya.

Kuhusu baba, msikilize vizuri, anachoogopa ni cha kweli. Mpiga gitaa anayeishi kwa gitaa mara nyingi anaishi kwa kazi nne au tano kwa pamoja, anafundisha, anapiga harusi na hoteli, anarekodi za watu, anapiga kwenye maigizo ya jukwaani au meli za watalii, anapanga muziki wa matangazo, na nyimbo zake mwenyewe zinamletea kidogo. Ukienda kuongea nae usimwambie nitakuwa maarufu, mwambie hizo kazi, taja ipi umeshaanza kuifanya, na wewe umeshaanza mbili. Na njia yake sio kifo cha gitaa. Brian May wa Queen alisoma fizikia pale Imperial College London, akaiacha PhD kwa ajili ya bendi, na akarudi kuimaliza mwaka 2007. Tom Morello wa Rage Against the Machine alimaliza Harvard mwaka 1986, hakusomea muziki, na gitaa lake hakuna asiyelijua. Wote wawili walilinda saa za kupiga wakati wanasoma kitu kingine. Ukisoma uhasibu bila kuzilinda, baada ya mwaka mmoja gitaa litakuwa liko chini ya kitanda.

Mkopo ndo sehemu inayonipa wasiwasi kwenye barua yako, kuliko noti, kuliko baba. Fanya hesabu hii kabla hujasaini chochote. Andika utatakiwa kurudisha kiasi gani kila mwezi ukimaliza, weka pembeni yake kiasi unachopata sasa kwa mwezi kwa kupiga na kufundisha, mwezi wa kawaida, usiweke mwezi wa harusi nyingi. Kama rejesho linakula zaidi ya robo ya kile unachoweza kutegemea kupata mwaka wa kwanza baada ya chuo, mkopo huo ni mkubwa mno, manake utamaliza chuo afu utalazimika kutafuta kazi yoyote ya mshahara ili ulipe, na ile miaka miwili ya mwanzo ambayo ndo ya kujenga jina na kupokea kazi ndogondogo utaitumia ofisini. Mkopo unakuwa umeua kitu ulichokopa kukinunua. Hiyo robo ni kipimo changu mimi baada ya kuona vijana wengi, wengine watakwambia tofauti.

Na kama chuo kiko nchi nyingine usipige hesabu kwamba utajilipia kwa shoo. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inakataza kujiajiri na inakataza kazi ya utumbuizaji, hizo saa 20 za kazi kwa wiki wanazoruhusu wanafunzi wengi wa digrii wakati wa muhula ni za kazi nyingine. Marekani nako mwanafunzi wa viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali. Vijana wengi wanafika wakiwa na gitaa mgongoni na bajeti iliyojengwa juu ya shoo ambazo kisheria hawaruhusiwi kuzipiga.

Ushauri wangu sasa. Waandikie chuo leo, uliza vitu viwili: naweza kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja bila kupoteza nafasi, na je ufadhili unaweza kuongezwa au kuombwa upya mwakani. Vyuo vingi huwa vinakubali la kwanza kwa mtu anayeuliza mapema na kwa adabu. Wakikubali, uutumie huo mwaka kusoma noti, kuweka akiba ya kila harusi, na uishi miezi mitatu kama mwanafunzi wa chuo: saa tatu za mazoezi kila siku kwa ratiba iliyoandikwa, wimbo mmoja mpya kwa wiki unaounakili kwa sikio mpaka mwisho, mwalimu mmoja wa ana kwa ana, na kundi moja la mazoezi lenye watu wanaokuzidi. Miezi mitatu ikipita na bado unaamka unataka, umejijibu, na baba pia atakuwa ameona. Wakikataa kuahirisha, rudi kwenye ile hesabu ya rejesho. Ikikaa vizuri nenda mdogo wangu, nenda bila woga, manake vitu viwili unavyovikosa, kusoma noti, na kuwa na watu wanaokuzidi, ndo hasa chuo kinavyotoa. Isipokaa vizuri, waambie hapana mwaka huu na uliza kama wana kozi ya cheti ya mwaka mmoja au chini ya hapo, vyuo vingi vya aina hii vinazo na walimu mara nyingi ni walewale.

SWALI LA PILI

Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mama wa binti wa miaka 17, amemaliza shule na anataka chuo cha gitaa, ameshapata matangazo ya vyuo vitatu tofauti vyote vinajisifu. Mimi muziki siujui nitajuaje chuo kizuri na kipi kinataka hela yetu tu? Pili anafanya mazoezi mpaka usiku na siku hizi analalamika kifundo cha mkono wa kushoto kinamuuma, anasema ni kawaida ya wapiga gitaa. Ni kweli?
Mama wa msanii

JIBU

Nzuri mama, asante kwa kuandika, na nianze na la mkono manake hilo haliwezi kusubiri.

Sio kawaida. Ncha za vidole kuuma kwa anayeanza ni kawaida, ngozi inakomaa inaisha. Kifundo cha mkono kuuma, vidole kufa ganzi, maumivu yanayopanda mpaka kwenye kiwiko, hizo ni dalili za mishipa na kano kuchoshwa na mtu akilazimisha inaweza kumchukua miezi kupona. Apumzike siku kadhaa, maumivu yasipoondoka amuone daktari au mtaalamu wa viungo. Akirudi kupiga apige vipande vya dakika 25 hivi na kupumzika katikati, mkanda wa gitaa aupandishe juu kidogo ili kifundo kisikunjwe sana, na aangalie kama anabana shingo ya gitaa kwa nguvu kuliko inavyohitajika, wengi wanabana mara mbili ya lazima. Atakapoanza chuo masaa yataongezeka ghafla, mwanafunzi akiingia na mkono mbovu ndo wiki za kwanza tu anaumia. Na masikio mama, mnunulie vizibo vya masikio vya wanamuziki. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatika nusu, kwahiyo kwenye desibeli 100 ambazo chumba cha mazoezi chenye drams kinafika bila shida, salama yake ni dakika 15. Masikio yakiharibika hayarudi.

Kuhusu vyuo, matangazo yaweke pembeni, uliza maswali wewe mwenyewe kwa simu au barua. Uliza saa ngapi za mwalimu ana kwa ana kwa wiki, na kwa muhula ni wiki ngapi. Uliza jina la mwalimu wa gitaa atakayemfundisha mwaka wa kwanza, sio majina makubwa yaliyoko kwenye picha, manake kuna vyuo mtu maarufu anakuja mara moja kwa mwaka kuongea saa mbili na picha yake inakaa ukutani miaka kumi. Uliza vyumba vya mazoezi viko vingapi, vinafunguliwa mpaka saa ngapi, na mwanafunzi anasubiri foleni kiasi gani. Uliza digrii inatolewa na nani, chuo chenyewe au chuo kikuu kingine kilichoidhinisha, na kama inatambulika na mamlaka ya elimu kule mnakoishi, hasa kama siku moja anaweza kutaka kufundisha shuleni. Uliza mtu akiacha baada ya muhula mmoja anarudishiwa nini.

Afu kuna swali moja ambalo mimi naona linazidi yote: naomba kuongea na wanafunzi wawili waliomaliza miaka mitatu iliyopita. Chuo kinachojiamini kinakupa namba siku hiyohiyo. Waulize hao wahitimu wanafanya nini Jumatatu mpaka Ijumaa. Usishtuke wakisema wanafundisha watoto gitaa, hiyo ni kazi nzuri na ya uhakika kuliko jukwaa, shtuka wakisema tangu wamalize hawajashika gitaa.

Kama inawezekana aende siku moja akae kwenye darasa la kikundi. Ndani ya nusu saa utajua, kama mwalimu anasimamisha, anasahihisha, watoto wanarudia mpaka inakaa, hapo kuna shule. Kama kila kikundi kinapigiwa makofi na kuondoka, mtafanya vizuri kuangalia kwingine. Na chuo kinachompokea mtu bila kumsikiliza akipiga mimi ningekikimbia, usaili hata kama ni wa video lazima uwepo, kawaida wanataka nyimbo mbili za staili tofauti, kidogo cha kupiga kwa kubuni papo hapo, kujaribu sikio, na maongezi.

Umri wake usikutie presha mama, miaka 17 sio kuchelewa na mwaka mmoja wa kujiandaa huku mkono unapona hauna hasara yoyote.

SWALI LA TATU

Mwalimu salama? Nina miaka 34, nina kazi na familia, napiga gitaa jioni baada ya kazi. Kila nikiona watu wanasoma muziki roho inaniuma. Niache kazi nikasome au ndo nimeshachelewa?
Wa jioni

JIBU

Salama kaka. Kuchelewa hujachelewa, darasani utakuta watu wa umri wako na mara nyingi ndo wanaosoma kwa bidii kuliko vijana. Ila kazi usiache bado. Unachokikosa wewe naona ni mtu wa kukusikiliza na watu wa kupiga nao, na hivyo viwili vinapatikana bila kuhama nyumba. Berklee wenyewe wana kozi za mtandaoni za kuanzia somo moja moja, na kuna mitihani ya gredi kama ya Rockschool au Trinity ambayo unajiandaa nyumbani na mwalimu wako wa wiki, gredi ya 8 ikiwa ndo ya juu kwenye zile za kawaida, na ukiifikia unakuwa karibu na kiwango ambacho vyuo vingi vinataka mtu wa kuingia digrii. Chukua somo moja, nakushauri hamoni au kufundisha sikio, usichukue la gitaa kwanza, manake watu wazima waliojifunza wenyewe huwa mikono iko mbele ya masikio. Mwambie mkeo na watoto ni jioni zipi tatu kwa wiki ni za gitaa ili zisigombaniwe kila siku. Na tafuta bendi yoyote inayofanya mazoezi Jumamosi, hata kama wanapiga muziki usioupenda sana, besi na drams za kweli zitakufundisha muda vizuri kuliko rekodi.

Ukifika gredi ya 6 au ya 7 na bado roho inauma, niandikie tena, hapo ndo tutaongea habari ya kupunguza saa za kazi na kozi ya muda wa ziada, kwa namba zako halisi.